Kampuni iliyovunjwa ni ipi?

Wiki iliyopita karibu na Mnara wa Saa, Arusha, nilionyeshwa Land Cruiser ya safari inayouzwa. Stika ya mlangoni ilishabanduliwa, lakini jua lilikuwa limepausha rangi pembeni yake, kwa hiyo jina la kampuni bado lilisomeka. "Usihofu mzee wangu, kampuni ilishafilisika, tukaivunja," muuzaji akasema. Nikaomba kadi ya gari. Mmiliki: kampuni ileile.

Kampuni huvunjwa pale utu wake wa kisheria unapokoma na jina lake kutoka kwenye daftari la Msajili wa Kampuni, yaani BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara. Tangu hapo haimiliki kitu, haishtaki wala haishtakiwi.

Kinachoniudhi ni "kufilisika" kubebeshwa kila kitu. Neno lenyewe ni la Kiarabu. Fulusi ni sarafu za shaba, chenji ndogo, na ukirudi nyuma zaidi unaikuta follis, sarafu ya Warumi. Muflisi ni mtu ambaye fedha na dhahabu zimemtoka, akabaki na shaba tu. Kwa hiyo kufilisika ni hali ya mfuko. Kufilisi ni kazi: mfilisi hukusanya mali, hulipa wadai, na kikibaki kitu huwagawia wanahisa. Kampuni yenye akiba nono benki inaweza kufilisiwa kwa hiari kwa sababu wenyewe wamechoka, na haijafilisika hata kidogo. Iliyofilisika nayo yaweza kukaa daftarini miaka, huku ikidaiwa taarifa za kila mwaka na faini juu yake. Kuvunjwa huja mwisho, mfilisi akishapeleka hesabu zake za mwisho kwa Msajili.

Tofauti hiyo ina uzito wa gari zima. Kama kampuni ile ingekuwa imevunjwa kweli, yule kijana asingekuwa na cha kuuza, kwa sababu mali iliyosahaulika kwenye jina la kampuni iliyovunjwa haiwarudii wanahisa, huangukia Serikalini. Huku kwetu watu hudhani itarithiwa kama kihamba cha baba, yaani shamba la ukoo. Kampuni haina watoto. Na wanaodhani madeni yote huzikwa nayo wakumbuke kwamba mkurugenzi aliyeweka dhamana yake binafsi benki bado anadaiwa, na kwamba mdai anaweza kuiomba Mahakama iirudishe kampuni daftarini.

Nikamrudishia kadi yake. "Mdogo wangu, kama jina bado liko BRELA, kampuni yenu hamjaivunja, mmefunga ofisi tu. Kaeni wakurugenzi muandike azimio la kuuza, gari liuzwe kwa jina la kampuni, hela ziingie akaunti ya kampuni, umiliki uhamishwe Mamlaka ya Mapato, TRA. Wadai wakishalipwa, ndipo muanze kuivunja."