Mmomonyoko wa ndani: jinsi tuta la bwawa la udongo linavyoliwa bila kuonekana

Karibu kila bwawa la udongo linavuja. Mwenye bwawa akikuambia la kwake halipitishi hata tone, ama hajashuka kulikagua upande wa chini, ama nyasi zimemea mpaka kiunoni na haoni kitu. Maji yaliyozuiwa upande mmoja hutafuta njia ya kufika upande wa pili, na udongo una vinyweleo hata ukishindiliwa vizuri namna gani. Wajenzi hulijua hilo tangu mwanzo, ndiyo maana tuta lililojengwa kitaalamu huwekewa tabaka za mchanga na kokoto ndani yake ili maji hayo yapite na kutoka mahali palipopangwa.

Mmomonyoko wa ndani ni jambo jingine. Hutokea pale maji yanayopenya kwenye tuta, au kwenye msingi ulio chini yake, yanapoanza kubeba chembe za udongo na kutoka nazo nje. Maji safi yanayochuruzika mwaka hadi mwaka kwa kiasi kilekile si habari kubwa. Maji yenye tope, hata yakiwa kidogo kiasi cha kujaza kikombe, ni tuta lenyewe linaloondoka.

Watu wengi huogopa zaidi maji kufurika juu ya tuta, na wana haki: hilo nalo huua mabwawa. Lakini katika kumbukumbu za dunia za mabwawa makubwa ya udongo yaliyovunjika hadi mwaka 1986, mmomonyoko wa ndani unahusika na karibu nusu ya matukio. Tofauti ni kwamba mafuriko huyaona yakija, na utoro wa maji, yaani njia ya kupitishia maji yaliyozidi, ukiwa mpana na haujazibwa na magogo, unayapitisha. Mmomonyoko wa ndani unaweza kuanza siku ya jua kali.

Namna unavyoanza zipo kadhaa. Wakati mwingine tuta huwa na ufa, labda kwa sababu sehemu moja ya msingi imetitia kuliko nyingine, na maji hupita kwenye ufa huo yakikwangua kuta zake. Wakati mwingine chembe ndogo husombwa kutoka katikati ya kokoto kubwa, kokoto zikabaki mahali pake kama mifupa. Namna inayostahili kueleweka zaidi ni ile inayoanzia mwisho wa njia na kurudi nyuma. Maji hutokeza kwenye kitako cha tuta, upande mkavu, yakiwa na nguvu ya kutosha kunyanyua chembe za mchanga pale yanapotokea. Chembe zikiondoka, tundu dogo hubaki. Sasa maji yana umbali mfupi kidogo wa kupita ndani ya udongo, huku kina cha bwawa kikiwa kilekile, kwa hiyo msukumo kwa kila mita huongezeka. Msukumo ukiongezeka, chembe nyingine huondoka, tundu husogea ndani, umbali unafupika tena. Handaki hilo hukua likielekea bwawani, na kadiri linavyokaribia ndivyo linavyokwenda kasi. Ndiyo sababu uvujaji unaweza kukaa miaka bila mabadiliko ya maana, kisha kazi iliyobaki ikamalizika kwa saa chache.

Mfano unaofundishwa zaidi ni bwawa la Teton katika jimbo la Idaho, Marekani, lenye tuta la mita 93. Asubuhi ya tarehe 5 Juni 1976 wafanyakazi waliona maji yenye matope yakitoka upande mkavu. Matingatinga yalipelekwa kusukumia udongo kwenye tundu na tundu likayameza. Kabla ya saa sita mchana tuta lilikuwa limekatika. Watu 11 walikufa.

Handaki halifiki mwisho kila linapoanza. Linahitaji paa: udongo wa mfinyanzi ulio juu yake ushikamane usiporomoke, au pawe na kitu kigumu juu, kama sakafu ya zege au tumbo la bomba. Paa likianguka, mara nyingine njia hujiziba, na juu ya tuta unaona shimo la mviringo ambalo jana halikuwepo. Linahitaji pia kukosekana kwa chujio. Mchanga wenye ukubwa sahihi wa chembe ukiwa umewekwa mbele ya njia, maji hupita na udongo hubaki. Mabwawa madogo mengi ya zamani, yaliyosukumwa na tingatinga msimu mmoja bila mchoro, hayana chujio lolote. Hilo ndilo pengo lao kubwa, na haliwezi kuzibwa kwa kufyeka wala kupaka rangi mageti.

Aina ya udongo nayo ina neno lake. Kuna mfinyanzi wenye sodiamu nyingi ambao ukiguswa na maji matulivu tu huachana wenyewe. Kuujaribu ni rahisi: chukua kidonge cha udongo wa tutani chenye ukubwa wa punje ya mahindi, kidondoshe taratibu kwenye glasi ya maji yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke wake, yale ya kuongezea betri wala si tindikali yake, usitikise, kisha subiri. Udongo wa kawaida utabomoka ukae chini kama lundo, na maji juu yake yabaki maangavu. Ule mbaya utatoa ukungu kuzunguka kidonge, ukungu huo utatambaa kwenye sakafu ya glasi na baada ya muda maji yote yatakuwa ya maziwa. Jaribio hili halichukui nafasi ya maabara, na ukungu usipotokea bado si hati ya usalama. Ukitokea, mwite mhandisi.

Umri unaingia wapi? Takwimu zinaonyesha kwamba sehemu kubwa ya mabwawa yaliyovunjwa na mmomonyoko wa ndani, kama theluthi mbili, yalivunjika yakijazwa mara ya kwanza au ndani ya miaka mitano ya mwanzo. Mwenye bwawa la miaka 50 akisikia hivyo hupumua: la kwangu limeshavuka. Si kweli moja kwa moja. Lililovuka ni tuta lile lilivyokuwa, likiwa na maji ya kina kile. Masika yakija na kupandisha maji mpaka usawa ambao hayajawahi kufika, udongo wa juu wa tuta, uliokaa mkavu miaka yote na kupasuka kwa jua, unajazwa kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Halafu kuna bomba. Mabwawa madogo mengi yana bomba la kutolea maji linalopita chini ya tuta, na mara nyingi ni la bati lenye mikunjo. Bati hilo hudumu miongo michache tu, pengine 25, pengine 50, kutegemea maji na udongo. Likitoboka, udongo ulio juu yake humwagikia ndani na kusombwa kila vali inapofunguliwa. Hata bomba zima lina tatizo, kwa sababu ni vigumu kushindilia udongo chini ya tumbo lake, na maji hupenda kufuata ubavu wa nje. Zamani wajenzi walilivisha bomba kola za zege ili kuyazuia maji hayo. Siku hizi huwekwa mchanga wa kuchuja unaolizunguka bomba upande mkavu. Ningeambiwa nikague kitu kimoja tu kwenye bwawa kongwe, ningekwenda kwenye mdomo wa bomba.

Miti ina sifa ya kushika udongo, na kwenye mteremko wa kawaida ni kweli. Kwenye tuta, mizizi ikifa huoza na kuacha njia tupu, na mti mkubwa ukiangushwa na upepo hung'oka na kipande cha tuta. Mche ung'olewe ungali mdogo. Mti uliokwisha kukomaa usiukate tu na kuacha kisiki kioze. Kisiki na mizizi mikubwa hutolewa, shimo likajazwa na kushindiliwa tabaka kwa tabaka, maji yakiwa yameshushwa. Mashimo ya panya na wanyama wengine wachimbaji yana hadithi hiyohiyo.

Bwawa la Kelly Barnes, karibu na Toccoa katika jimbo la Georgia, lilikuwa na karibu yote haya. Lilikuwa dogo, kimo cha kama mita 12. Lilianzishwa mwaka 1899 kwa mbao na mawe, likaongezwa udongo mara kadhaa, likaacha kuzalisha umeme mwaka 1957 na kubaki ziwa la mapumziko, mali ya chuo cha Biblia. Miti ilikuwa imemea tutani, na picha ya 1973 inaonyesha upande mkavu ukiwa umemeguka. Usiku wa tarehe 6 Novemba 1977, baada ya mvua kubwa, lilikatika kwenye saa saba na nusu. Watu 39 walikufa. Wachunguzi hawakutaja chanzo kimoja. Walitaja mambo kadhaa kwa pamoja, kupenya kwa maji ndani ya tuta yakiwamo. Kwa sisi wa Afrika Mashariki, Solai katika kaunti ya Nakuru, Mei 2018, ilionyesha kwa njia yake kwamba bwawa la shamba la mtu binafsi linaweza kuua watu zaidi ya 40 usiku mmoja.

Kwa hiyo kazi ya mwenye bwawa ni kuona mabadiliko. Fyeka nyasi ziwe fupi, hasa kwenye kitako cha tuta na mita kadhaa mbele yake. Pale maji yanapotokea, yakusanye kwenye kifereji kimoja, weka ndoo, shika saa, andika ni lita ngapi kwa dakika. Andika pia kimo cha maji bwawani na kama mvua ilinyesha, la sivyo namba hiyo haina maana. Jaza glasi na uiache itulie. Tazama kilichokaa chini. Maji yakiongezeka huku bwawa halijapanda, kuna kitu kimefunguka. Yakipungua ghafla, usifurahi haraka, yanaweza kuwa yamepata njia nyingine. Kitone cha mchanga kinachochemka katikati ya maji, kikijijengea kichuguu kidogo cha mviringo, ni dalili ya haraka, na maji yanayozunguka kwa kasi juu ya uso wa bwawa karibu na tuta ni dalili ya hatari kabisa.

Ukikuta maji ya tope, usizibe tundu kwa udongo, zege wala magunia ya plastiki. Ukiziba pa kutokea, msukumo huongezeka ndani na maji hutokeza kwingine usikokujua. Kinachowekwa juu yake ni mchanga msafi, kisha kokoto, kisha mawe, ili maji yapite na udongo ukae. Kabla ya hapo wapigie simu walio bondeni na mamlaka inayosimamia mabwawa, maana kazi hiyo ni ya kununua muda tu. Kushusha maji kunasaidia, ila pasipo na dharura wahandisi hushauri kama sentimita 30 kwa siku. Ukishusha upesi, mteremko wa upande wa maji, uliolowa na kupoteza egemeo, unaweza kuporomoka.

Dawa ya kudumu ni kujengea chujio na mifereji ya maji upande mkavu, na kuvisha bomba kongwe bomba jipya ndani yake, nafasi iliyobaki ikajazwa saruji laini. Gharama hizo mara nyingine huzidi faida ya bwawa lenyewe. Hapo uamuzi wa busara huwa ni kuliondoa: kwa kibali, maji yakiwa yametolewa kwanza, mkato mpana ukichimbwa mpaka usawa wa mto wa zamani, na tope lililolala chini likapangiwa pa kwenda kabla mvua haijalisomba.