Mwanafunzi akikosea, usimpe jibu upesi

Wazazi wanaotafuta mwalimu wa tuisheni ya Kiingereza, Kifaransa au Kijerumani huniuliza nitatumia kitabu gani, na mtoto ataanza kuongea lini. Ni maswali ya haki. Lakini kama mzazi angetaka swali moja tu la kumpima mwalimu yeyote, ningemwambia aulize hivi: mwanafunzi akikosea, wewe hufanya nini? Kwa jinsi nilivyoiona kazi hii, hapo ndipo tuisheni inapofaulu au inapopotea.

Darasani mwalimu ana wanafunzi wengi na kipindi kifupi. Mtoto akitoa sentensi yenye kosa, humrekebisha haraka na kuendelea, au huliacha lipite. Hana namna nyingine. Kwenye tuisheni mtu mmoja anamsikiliza mtoto mmoja, sentensi baada ya sentensi, na hana mwingine wa kumkimbilia. Nafasi hiyo ikitumika kumwandikia upya kanuni zilezile za sarufi alizokwisha kunakili shuleni, mzazi atakuwa amelipia somo lilelile mara mbili.

Chukua mfano wa kawaida kabisa. Mwanafunzi anasimulia: "Yesterday I go to my uncle." Mwalimu mpole anatabasamu na kusema: "Ah, yesterday you went to your uncle. And then?" Mtoto anajibu: "Yes, and we eat there." Umbo sahihi limetamkwa mbele yake, naye hakuligusa. Alichosikia ni mtu anayemwelewa na anayetaka hadithi iendelee, basi akaiendeleza. Mtoto huyu si mzito wa kuelewa. Akili yake ilikuwa kwa mjomba, haikuwa kwenye kitenzi.

Mwaka 1997 watafiti Roy Lyster na Leila Ranta walichapisha uchunguzi wa madarasa ya shule za msingi nchini Kanada, ambako watoto walisomeshwa masomo yao kwa Kifaransa kama lugha ya pili. Asilimia 55 ya marekebisho yote ya walimu yalikuwa ya namna hii: sentensi ya mtoto inarudiwa ikiwa imenyooshwa. Na hayo ndiyo yaliyoitikiwa kidogo kuliko mengine yote, asilimia 31 tu ya mara. Mwalimu alipomwachia mtoto sentensi aimalizie mwenyewe, mtoto aliitikia kila mara. Hakupatia kila mara, lakini kila mara alilazimika kufikiri.

Ndiyo maana mimi husema, "Yesterday you…?" kisha nanyamaza. Kunyamaza huko ni kugumu kuliko inavyodhaniwa. Mzazi anayesikiliza kutoka chumba cha pili hudhani somo limekwama, na mwalimu mgeni huona aibu kukaa kimya na mtu aliyelipiwa kufundishwa. Ningewaomba wote wawili wavumilie. Sekunde tano ni nyingi kwa anayengoja; kwa mtoto anayelitafuta neno, hizo ndizo kazi yenyewe.

Hata hivyo si kila kosa linatendewa hivyo, na hapa ndipo ujuzi wa mwalimu unapohitajika. Mwanaisimu S. Pit Corder, katika makala yake ya mwaka 1967 iliyobadilisha mtazamo wa taaluma hii, alitenganisha kuteleza na kukosea. Aliyeteleza anaijua kanuni ila ulimi umeteleza. Ukiinua nyusi tu anajirekebisha. Wahenga walishasema kuteleza si kuanguka, na mwalimu hana haja ya kusimamisha somo kwa ajili hiyo. Aliyekosea ana kanuni yake mwenyewe kichwani, na mara nyingi ina mantiki nzuri. Anayesema "goed" badala ya "went" amegundua jinsi Kiingereza kinavyojenga wakati uliopita, kisha ameitumia kanuni hiyo mahali isipofika. Anayemwita dada yake "he" anatoka kwenye lugha ambayo haimlazimishi kutaja jinsia kila anapomtaja mtu. Makosa hayo yanamwambia mwalimu mtoto amefika wapi, na mimi huyathamini kuliko alama za jaribio.

Kuna pia kosa ambalo wakati wake haujafika. Kijerumani ni mfano mzuri. Sentensi ikianza na neno kama "gestern", yaani jana, kitenzi lazima kije mbele ya mtendaji: "Gestern bin ich…" Mtafiti Manfred Pienemann alionyesha mwaka 1984, kwa watoto wa Kiitaliano waliokuwa wakijifunza Kijerumani, kwamba kanuni hiyo ilishika kwa mtoto aliyekwisha kupita hatua iliyotangulia, na kwa ambaye hajaifikia hatua hiyo haikushika hata alipofundishwa. Katika Kiingereza, ile "s" ya "she goes" hufundishwa mapema sana na huchelewa mno kukaa mdomoni. Mtoto anaweza kuipata yote katika zoezi la kujaza nafasi, na dakika mbili baadaye akaisahau anapozungumza. Kumgombeza kwa hilo ni kumwonea.

Na lipo neno ambalo hajawahi kukutana nalo. Hilo mpe, moja kwa moja. Kumsukasuka mtoto atafute kitu asichokuwa nacho ni mateso matupu. Vivyo hivyo matamshi: hapo kurudia kwa usahihi hufanya kazi vizuri, kwa sababu sikio lake tayari liko kwenye sauti.

Katika somo langu mtoto husimulia kwanza, bila kukatizwa, na mimi naandika. Akimaliza nachagua makosa mawili au matatu, si zaidi, hata kama yako ishirini. Namwonyesha sentensi zake mwenyewe, nimepigia mstari mahali penye shida bila kuandika jibu. Anazirekebisha, kisha anasimulia upya habari ileile toka mwanzo. Usimulizi huo wa pili ndio ninaoupenda, maana unakuja kwa kasi zaidi na kwa sauti iliyosimama. Somo linalofuata tunayarudia makosa yaleyale kabla ya jambo lolote jipya, na tena baada ya wiki kadhaa. Tangu Hermann Ebbinghaus achapishe majaribio yake ya kumbukumbu mwaka 1885 inajulikana kwamba marudio yaliyoachanishwa hudumu kuliko yaliyorundikwa siku moja.

Umri nao una neno lake. Wazazi wa vijana wa sekondari huja na hofu kwamba wamechelewa. Watafiti Catherine Snow na Marian Hoefnagel-Höhle waliwafuatilia wasemaji wa Kiingereza waliokuwa wakijifunza Kiholanzi nchini Uholanzi, wakachapisha matokeo mwaka 1978: katika miezi ya mwanzo waliokwenda kasi zaidi ni wenye miaka 12 hadi 15 pamoja na watu wazima, na waliobaki nyuma kabisa ni watoto wa miaka mitatu hadi mitano. Kijana ana akili ya kuchambua, kwa hiyo anaweza kuulizwa "kwa nini umeandika hivi?" na akajibu. Kinachomzuia ni kuona haya. Ndiyo sababu nyingine ya kutomkatiza katikati ya sentensi.

Kuhusu muda, ni vizuri mzazi ajue hesabu. Cambridge, watungaji wa mitihani ya Kiingereza, hukadiria kwamba kufika kiwango cha A2, yaani cha msingi, huchukua takriban saa 180 hadi 200 za kufundishwa, na B1, yaani cha kati, saa 350 hadi 400. Saa moja ya tuisheni kwa wiki haifiki hata saa 60 kwa mwaka. Haiwezi kubeba mzigo huo peke yake. Inachoweza ni kumfundisha mtoto kuzisikiliza sentensi zake mwenyewe, ili saa nyingine zote, za darasani, za kusoma na za kuandika, zizae zaidi.

Jambo hilo huonekana wazi kwenye mtihani. Katika chumba cha mtihani hakuna wa kumnyooshea sentensi. Mwanafunzi aliyezoea kupewa jibu hukabidhi insha yake bila kuipitia, kwa sababu kutafuta kosa halikuwahi kuwa jukumu lake. Wangu wana orodha fupi nyuma ya daftari, kila mmoja yake: vitenzi vya wakati uliopita kwa huyu, "le" na "la" za Kifaransa kwa yule. Dakika za mwisho huipitia insha mara moja kwa kila kosa lililo kwenye orodha, bila kutafuta kingine chochote. Kosa lisipojitokeza kwa wiki kadhaa, mwanafunzi hulifuta kwa mkono wake, na tunaandika jingine.