Mtoto anapofikiwa na dawa za unyogovu kabla ubongo haujakomaa

Mama mjamzito anayemeza fluoksetini au sertralini, ambazo ni dawa za unyogovu, hamezi peke yake. Dawa hizi hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto tumboni, na baada ya kuzaliwa kiasi kidogo humfikia kupitia maziwa. Wataalamu wanapozungumzia kufikiwa mapema na dawa za unyogovu, wanamaanisha hali hiyo: dawa imeandikiwa mama, lakini inagusa pia ubongo ambao bado unajengwa.

Neno la kushika hapo ni "mapema". Dawa hizi hufanya kazi kwa kuzuia kemikali iitwayo serotonini isirudishwe haraka ndani ya seli iliyoitoa. Kwa mtu mzima, serotonini hupeleka ujumbe kati ya seli za ubongo, na inahusika na hisia, usingizi na hamu ya kula. Kwa kijusi ina kazi ya kutangulia, kama msimamizi wa mjengo: huchangia kuamua seli zigawanyike lini, zihamie wapi, na nyuzi zake ziungane na zipi. Mwaka 2011 watafiti walionyesha kwa panya kwamba kondo lenyewe hutengeneza serotonini ya kulisha ubongo huo mchanga, likitumia triptofani ya mama, kiungo cha protini ambacho hukipata kwenye chakula: mayai, maharagwe, hata omena.

Kwa hiyo kuvuruga kipimo cha serotonini wakati huo si sawa na kukivuruga ukubwani. Mwaka 2004 jarida la Science lilichapisha jaribio ambalo bado linatajwa sana. Panya wachanga walipewa fluoksetini tangu siku ya 4 hadi ya 21 baada ya kuzaliwa, kisha wakaachishwa. Kwa panya, siku hizo za mwanzo zinakaribiana na miezi ya mwisho ya mimba ya binadamu. Walipokua, dawa ikiwa imeshatoka mwilini zamani, walionyesha woga: hawakuchunguza eneo geni kama wenzao. Dawa ileile inayomtuliza mkubwa ilikuwa imeacha wasiwasi kwa aliyeipata utotoni.

Na madume na majike hawakuguswa sawa. Katika utafiti mwingine wa 2011, panya waliopewa sitalopramu, dawa nyingine ya kundi hilo, wakiwa wachanga walikuwa na hitilafu katika nyuzi zinazounganisha nusu mbili za ubongo, wakaogopa vitu vigeni na kucheza kidogo na wenzao. Madume ndio walioathirika zaidi. Maelezo moja yanayopewa uzito ni homoni. Testosteroni ya dume hupanda karibu na kuzaliwa na kuupa ubongo mkondo wake, na kipindi hicho hukutana na kile ambacho serotonini inapanga miunganisho. Kwa mvulana hupanda akiwa tumboni, kisha tena katika miezi ya kwanza ya maisha. Inasikitisha kwamba kwa miaka mingi maabara nyingi zilitumia madume tu. Ni mwaka 2016 ambapo taasisi ya taifa ya afya ya Marekani ilianza kuwataka watafiti inaowafadhili wazingatie jinsia zote mbili.

Lakini panya si mtoto wa Kondele, mtaa wa Kisumu. Panya wengi wa majaribio hawakuwa na mama mgonjwa, ilhali mama anayemeza dawa ana unyogovu, na unyogovu usiotibiwa wenyewe unahusishwa na kujifungua kabla ya wakati na uzito mdogo wa mtoto. Ni ipi basi iliyomgusa mtoto, dawa au ugonjwa? Tafiti mbili kubwa za 2017, za Sweden na Kanada, zililinganisha ndugu wa mama mmoja, mmoja akiwa amefikiwa na dawa na mwingine la. Uhusiano kati ya dawa hizi na usonji (autism) uliokuwa ukitangazwa ulipungua hadi usionekane kwa uhakika.

Hilo nalisema kwa sauti kwa sababu ya ushauri unaotolewa hapa Kisumu. Mama anatoka kliniki na bahasha yake ya dawa, jirani anamwambia aitupe, "utazaa mtoto zuzu". Akiacha ghafla, unyogovu unaweza kurudi kwa nguvu, na hapo maisha mawili yako hatarini. Kupunguza, kubadilisha au kuendelea ni jambo la kupanga na daktari, ikiwezekana kabla ya mimba.

Kinachojulikana vizuri kwa binadamu ni siku za kwanza. Karibu thuluthi ya watoto waliofikiwa na dawa hizi mwishoni mwa mimba huzaliwa wakitetemeka, wakilia sana, wakinyonya kwa shida au kupumua haraka. Kwa wengi hupita ndani ya siku chache hadi wiki mbili. Jina la dawa na kipimo chake viandikwe kwenye kijitabu cha Mama na Mtoto, ili muuguzi wa zamu ya usiku asiyemjua huyo mama ajue amwangalie mtoto kwa nini, na asimruhusu kwenda nyumbani mapema mno.