Ramani ya nyumba ya zamani iko juu, kwenye boriti

Haupiti mwezi bila mtu kuniuliza: nyumba ya babu iko Mji Mkongwe, Unguja, ilijengwa miaka ya mwanzo ya 1900, ramani yake niipate wapi? Mimi humjibu alale chali sakafuni, atazame juu.

Sifanyi mzaha. Nyumba nyingi za wakati ule hazikuchorwa. Mwenye nyumba na fundi walisimama kiwanjani, wakakubaliana vyumba vingapi na mlango uelekee wapi. Yaliyobaki yakaamuliwa na boriti. Mti wa mkoko ulioletwa kwa jahazi kutoka Rufiji au Lamu hauvuki kirahisi mita tatu, basi na chumba nacho hakivuki. Ndiyo maana vyumba vile ni vyembamba na virefu kama behewa. Kimoja nilichokipima majuzi kina upana wa mita 2.7, yaani dhiraa sita kamili, na urefu wa mita 7.4. Nikikuta chumba kipana kuliko hivyo naanza kutafuta mhimili, au chuma, au ukuta uliovunjwa.

Kwa hiyo mchoro wangu huanzia darini. Boriti zikilala upande huu, najua kuta zipi zimebeba mzigo, na kipi ni kiambaza tu kilichoongezwa ndugu walipogawana urithi. Viambaza vya urithi ni vingi mno!

Tarehe ndiyo iliyonitia adabu. Nilipokuwa bado mgeni wa kazi hii nilisoma 1325 iliyochongwa juu ya mlango, nikaigeuza kutoka Hijria, nikaandika 1907. Mzee wa nyumba alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, mlango huu tuliununua." Nikachungulia ubavuni mwa fremu: pengo la vidole vinne, limezibwa kwa saruji. Milango ya Unguja inahama kuliko wapangaji.

Vigae navyo vina hila yake. Ukiokota kigae cha Mangalore, India, chenye chapa ya Basel Mission, yaani wamishonari wa Uswisi waliokuwa na viwanda huko, na mwaka 1865, usikimbilie kusherehekea. Huo ni mwaka kiwanda kilipoanzishwa. Tazama jina badala ya tarakimu. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza viwanda vile vilichukuliwa na kampuni ya Commonwealth Trust, kwa hiyo chapa ya Basel hunielekeza kabla ya hapo. Hiyo ni tarehe ya kigae, lakini, si ya nyumba.

Kwa mambo ya ndani, watu hunitumia picha za mababu zilizopigwa studio, wakitaka sebule irudi vile vile. Zulia lile, kiti kile, kimeza chenye kitambaa: hivyo ni vya mpiga picha. Nimewahi kukiona kiti kimoja kimekaliwa na watu wa koo tatu.

Mimi hugonga kuta. Mlio ukibadilika, hapo pana shubaka, kidaka cha ukutani, lililozibwa. Msururu wa matundu ya misumari juu ya kimo cha mtu huenda ulitundikiwa sahani. Na kwenye sakafu ya chokaa, vishimo vinne vilivyopishana kama futi sita kwa nne hunionesha samadari, kitanda cha kale, ilisimama wapi, na kwamba haikusogezwa kwa miaka mingi.

Mwisho nakwangua rangi kwa wembe, sehemu ndogo kama stempu, nyuma ya mlango ambako hakuna aliyehangaika kusugua. Wiki iliyopita, katika chumba kile cha mita 2.7, nilipita rangi ya mafuta ya kijani, krimu, nyeupe mara tatu, ndipo nikafika chokaa iliyotiwa nili, bluu kabisa. Mwenye nyumba alikuwa ameshanunua ndoo nne za nyeupe, "kama zamani." Ndoo ziko ukumbini, hazijafunguliwa, na fundi ananipigia simu kila asubuhi.