Je, wajua kwa nini chumvi inalika, ilhali imetokana na metali inayolipuka na gesi ya sumu?

Jua la kaskazi likikaza, majaruba ya chumvi kule Pemba hugeuka meupe. Maji ya bahari yaliyoingia wakati wa bamvua yamekaa juani siku kadhaa, yamepungua, yamekoza, na chini yameacha ganda la chumvi la kukusanywa kwa reki. Kila lita ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi za kila aina, na sehemu kubwa ni hii tunayotia kwenye mchuzi.

Mkemia huiita kloridi ya sodiamu, yaani sodiamu na klorini. Sasa zitazame mbili hizo kila moja peke yake. Sodiamu ni metali laini, hukatika kwa kisu. Ukiitupa majini hutokota, hukimbia huku na huku juu ya maji, na pengine hulipuka, ndiyo maana hutunzwa ndani ya mafuta. Klorini ni gesi ya rangi ya manjano iliyochanganyika na kijani. Tarehe 22 Aprili 1915, jeshi la Ujerumani liliifungulia karibu na mji wa Ypres, Ubelgiji, ikaua askari wengi kwa kuharibu mapafu yao. Zikutanishe, na unapata kitu cha kukaushia ng'onda. Imekuwaje?

Fikiria nyumba yenye baraza. Mpita njia hakutani na walio vyumba vya ndani. Salamu, habari na biashara zote humalizikia kwa waliokaa barazani. Atomu, yaani chembe ndogo kabisa ya sodiamu au ya klorini, nayo ina kiini katikati, na elektroni zake, vijichembe vyenye chaji hasi, zimejipanga kwa matabaka kukizunguka. Sodiamu ina elektroni 11: 2 ndani kabisa, 8 zinazofuata, na 1 nje. Klorini ina 17: 2, 8, kisha 7. Hizo za tabaka la nje huitwa elektroni za valensi, na ndizo zinazoamua atomu itashikana na nani. Mfano wa baraza una mpaka wake, kwa kuwa elektroni haitulii mahali pamoja kama mtu aliyekalia mkeka. Lakini hesabu ya walioko nje ni ya kweli.

Kwa nini moja ya nje iwe na tabia tofauti hivyo na saba za nje? Kiini cha sodiamu kina protoni 11, vijichembe vyenye chaji chanya vinavyovuta elektroni, ila zile 10 za ndani zimesimama kati kama ukuta, hivyo ile ya nje hufikiwa na sehemu ndogo tu ya mvuto. Klorini ina ukuta uleule wa elektroni 10, lakini nyuma yake mna protoni 17. Kwa hiyo inazishika za kwake kwa nguvu, na ina nafasi moja ya kuvutia nyingine. Kuing'oa elektroni ya kwanza ya sodiamu ni kazi nyepesi ukilinganisha na ya pili, ambayo huhitaji nishati karibu mara tisa. Ndiyo maana sodiamu hutoa moja, ikasimama hapo.

Wengi tulifundishwa kwamba atomu "inataka" kufikisha elektroni nane. Maelezo hayo hayanitoshi, maana atomu haina matakwa. Zaidi ya hapo, ukipiga hesabu ya nishati, gharama ya kuing'oa elektroni kwenye sodiamu ni kubwa kuliko inayopatikana klorini inapoipokea. Kinachofidia pengo hilo ni kinachofuata: sodiamu imebaki na chaji chanya, klorini imepata chaji hasi, nazo zinavutana. Katika punje ya chumvi kila sodiamu imezungukwa na klorini sita, na kila klorini na sodiamu sita, safu juu ya safu. Itazame punje kwa kioo cha kukuzia, utaona kingo za mraba. Mpangilio huo umekaza kiasi kwamba chumvi haiyeyuki kwa moto mpaka nyuzi joto 801, wakati sodiamu tupu huyeyuka kwenye 98. Elektroni iliyokuwa ikiifanya sodiamu iwe kali haipo tena nje, na nafasi iliyokuwa ikiifanya klorini iwe na pupa imekwisha kujazwa. Ile hatari ya kila moja imeondoka pamoja na elektroni hiyo.

Tofauti ya elektroni moja tu utaiona hata jikoni. Chumvi ikishaganda jarubani, maji yanayobaki huwa machungu kwa sababu yamejaa magnesiamu. Atomu hii ina elektroni 12, yaani moja zaidi ya sodiamu, kwa hiyo za nje ni mbili. Huzitoa zote, hushikana na klorini mbili badala ya moja, na kwa chaji yake maradufu kwenye umbo dogo huyakumbatia maji kwa nguvu. Kloridi ya magnesiamu huanza kuvuta maji na kuyeyuka hewa ikifika unyevu wa asilimia 33 hivi. Chumvi safi hungoja mpaka asilimia 75. Hewa yetu ya visiwani ina unyevu mwingi, na masika huzidi. Kopo la chumvi likilowa haraka, mara nyingi ni kwa sababu maji yale machungu hayakuchujwa vizuri.

Bado yapo madini joto yanayochanganywa kwenye chumvi ili kuzuia rovu. Yaligunduliwa na Mfaransa Bernard Courtois mwaka 1811 katika majivu ya mwani. Atomu yake ina elektroni 53, na za nje ni saba, sawa na klorini, lakini ziko tabaka la tano, mbali na kiini, hivyo haizishiki kwa nguvu ileile. Tena si lazima elektroni zitolewe. Zinaweza kumilikiwa kwa ubia, kama alivyoeleza Mmarekani Gilbert Lewis mwaka 1916. Homoni kuu ya tezi ya shingoni ina atomu nne za madini joto, kila moja imeshikana na kaboni kwa jozi moja ya elektroni walizochangia wote wawili.