Kiti cha Eames na banzi la mguu: stori za watu na ilivyokuwa kweli

Ukitaja viti vya plaiwudi vya mbunifu wa Kimarekani Charles Eames, kuna stori inazunguka sana kwamba plaiwudi ya kupinda ilivumbuliwa na jeshi la Marekani wakati wa vita kuu ya pili, halafu ndo ikaingia kwenye fanicha. Wapi bana. Mbunifu Alvar Aalto kule Finland alishatoa kiti cha plaiwudi iliyopinda mwanzoni mwa miaka ya 1930, na mtengeneza fanicha Thonet alikuwa anapinda mbao kwa mvuke tangu karne ya 19. Kazi ilikuwa kuipinda pande mbili kwa mpigo. Chukua karatasi ufunike chungwa uone, inajikunja makunyanzi na ukilazimisha inachanika, plaiwudi nayo ni hivyo hivyo, ndo maana viti vya Charles Eames na mbunifu mwenzake Eero Saarinen vilivyoshinda shindano la MoMA (makumbusho ya sanaa ya kisasa New York) 1940 mbao ilipasuka ikabidi ifunikwe na kitambaa.

Wengine wanasema mashine ya kupindia plaiwudi akina Eames walipewa na jeshi. Charles na mkewe Ray (ndiyo, mke, kuna watu mpaka leo wanadhani ni kaka yake!) walijiundia wenyewe ndani ya nyumba ya kupanga Los Angeles, moldi ya plasta, nyaya za umeme za kuleta joto, na pampu ya baiskeli ya kujaza upepo ili mbao zibanwe vizuri na gundi. Rafiki yao daktari ndo akawaambia mabanzi ya chuma, yale ya kufungia mguu uliovunjika, yanatingishika machela ikibebwa, majeruhi anazidi kuumia. Charles akatoa mguu wake mwenyewe upigwe plasta wapate umbo la banzi la plaiwudi. Mwaka 1942 jeshi la majini likaagiza mabanzi 5,000, na hadi vita inaisha yalishatengenezwa kama 150,000.

Sasa yale matundu kwenye banzi, watu wanayaona urembo tu. Bendeji inapita humo, sawa, ila pia yanaondoa mbao palepale ambapo ingejikunja na kupasuka, kama fundi cherehani anavyopunguza kitambaa kiunoni gauni likae.

Halafu hii ya kusema kiti ni banzi lililogeuzwa, hapana, mguu na makalio wapi na wapi. Kilichohamia kwenye kiti ni gundi, mashine, na kujua mbao inagoma wapi. Baadaye walijaribu tena kiti cha kipande kimoja kikawa kinapasuka, basi wakatenganisha kalio na mgongo, vikashikwa na fremu na vipande vya mpira katikati ili mgongo ucheze kidogo ukiegemea. Ndo LCW (Lounge Chair Wood, kiti chao cha mbao cha kupumzikia) na wenzake hao, vilivyoanza kuuzwa 1946 na kampuni ya fanicha ya Herman Miller ikavibeba. Ukikuta cha zamani usikimbilie kukikalia, angalia kwanza hivyo vimpira, gundi yake ikizeeka inaachia na mgongo unabaki mkononi.