Mkojo unaotoka wenyewe baada ya kuzaa: maswali tunayoulizwa Bukavu

Wamama wenye fistula wanatufikia wakiwa wamechelewa, wengine miaka mingi baada ya kuzaa. Wanatoka Kalehe, Walungu, Shabunda, na wengine wanatoka hapa hapa mjini Bukavu, Kadutu, mwendo wa pikipiki tu. Hao wa Kadutu ndio wananiuma zaidi. Maswali ya wamama hao na ya ndugu zao yanafanana, kwa hiyo nayajibu pamoja.

Fistula ni nini?

Ni tundu kati ya kibofu cha mkojo na uke, au kati ya njia ya haja kubwa na uke. Mkojo au choo vinapita hapo mchana na usiku, mama hawezi kuzuia.

Inaletwa na nini?

Mara nyingi ni uchungu uliodumu sana. Kichwa cha mtoto kinakwama kwenye nyonga na kuibana nyama ya kibofu kwenye mfupa, saa baada ya saa. Damu haifiki pale, nyama inakufa. Siku chache baadaye inaachia, na tundu linabaki. Mara nyingi mtoto naye amekwisha kufa.

Mama mkwe anasema amerogwa, kwa sababu mkojo ulianza siku ya tano.

Hajarogwa. Nyama iliyokufa haidondoki siku ile ile, ndiyo maana mkojo unaweza kuanza siku ya tatu, ya tano, hata ya kumi. Kwa heshima yote, mama mkwe, wakati unatafuta mchawi mkwe wako anaharibika. Mlete kwanza hospitali.

Uchungu ukianza, tungoje muda gani nyumbani?

Msingoje. Nendeni kituo cha afya uchungu unapoanza, hasa kwa mimba ya kwanza na kwa msichana mdogo ambaye nyonga bado haijakomaa. Kama uchungu mkali umedumu kwa muda wa saa 12 na mtoto hajatoka, mama anapaswa kuwa tayari mahali wanapoweza kumpasua.

Lakini mkunga wa kijijini ametoa dawa ya kuharakisha uchungu.

Msingoje. Dawa hiyo inasukuma mtoto kwenye njia iliyofungwa, na kizazi kinaweza kupasuka.

Na tukiwa kwenye chumba cha maombi?

Msingoje. Ombeni njiani, ombeni kwenye pikipiki, ombeni mlangoni pa chumba cha upasuaji. Nasi tutasema amina. Ila msimkalishe pale usiku mzima mama aliyekwama.

Nimezaa juma lililopita na mkojo unanitoka. Nikitulia nitapona?

Njoo leo. Tundu dogo na jipya linaweza kujifunga bila upasuaji, ikiwa tunaweka mapema sonda, ule mpira mwembamba wa kutoa mkojo, na kuuacha majuma 4 hadi 6. Kibofu kinabaki kitupu, kidonda kinapata nafasi ya kufunga. Tundu likizeeka, kingo zinakuwa ngumu na dawa inabaki kisu cha upasuaji peke yake. Juma hilo la kwanza ndilo wengi wanalipoteza wakikandwa maji ya moto na kukalishwa juu ya majani.

Nimepunguza kunywa maji ili nisilowe sana. Ni vizuri?

Ni vibaya sana, na karibu wote wanafanya hivyo. Mama anafungua kitenge, chini yake vitambaa vimekunjwa mara tatu, na mapaja yamebabuka, yana chumvi nyeupe kama ya jasho lililokauka. Mkojo mzito ndio unaochoma ngozi na kutoa harufu kali, na unaweza kutengeneza mawe kibofuni. Kunywa maji mengi, mpaka mkojo uwe mweupe.

Watu watasema nilibakwa.

Hapa Kivu tumeona ubakaji unaovunja mwili namna hiyo, na waliotendewa hawana aibu yoyote ya kubeba. Wao pia waje, tena kabla ya saa 72 kupita, ili wapewe dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI. Lakini hata huku kwetu fistula nyingi ni za uzazi. Jirani anayenong'ona hajui kitu. Usikubali mdomo wake ukufungie ndani.

Inatibika? Nitauza shamba?

Inatibika. Upasuaji unafunga matundu mengi, ingawa mengine yanahitaji kurudiwa. Hapa Bukavu kuna Hospitali ya Panzi, aliyoianzisha Daktari Denis Mukwege mwaka 1999; Goma kuna hospitali ya HEAL Africa. Kazi hii mara nyingi inalipiwa na wafadhili, basi uliza kwanza kabla ya kuuza hata kuku.

Mume wangu amenirudisha kwa wazazi.

Baba, huyu mama ameumia akikuzalia mtoto wako. Aliyesema tungoje kidogo, pesa ya pikipiki haijapatikana, mara nyingi si yeye. Mchukue, mlete, kaa naye wodini.

Nitazaa tena?

Wengi wanazaa. Baada ya upasuaji, usilale na mume kwa miezi 3 angalau, hadi daktari aliyekushona akuruhusu. Ukipata mimba, anza kliniki mapema, sema wazi kwamba ulishonwa fistula, na uzae kwa kupasuliwa, hata kama safari hii uchungu unakuja mwepesi. Karatasi ya hospitali isikae kijijini, itembee nawe. Na mwezi wa mwisho sogea karibu na hospitali, ulale kwa dada au kwa shangazi mjini, kabla mvua haijakata barabara.